Dakika Tatu kwa Injini Mfu

Simu ililia injini ikiwa imefika asilimia mia.

Hapakuwa na wakati mbaya zaidi ya huo. Nyuma ya kioo kinene kama tofali, injini ya propela ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya chuma, ikinguruma kwa nguvu zake zote, na sindano za geji ishirini na mbili zilikuwa zikitetemeka ukutani. Mkono wa kulia wa mpimaji ulikuwa kwenye wenzo wa mafuta. Wa kushoto ulishika kalamu. Wa tatu hakuwa nao, na Idara ya ujasusi ililijua hilo kwa miaka kumi na tisa.

Aliiacha ilie mara sita. Kisha akaibana simu kati ya bega na sikio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

Yeye alikuwa na miaka hamsini na saba. Bibi alikuwa na thelathini na nne. Kanuni ya Idara ilisema anayetoa amri ataitwa Bibi na anayeipokea ataitika kama mjukuu, ili simu ikinaswa ionekane ni mambo ya ukoo tu. Aliyetunga kanuni hiyo alishastaafu zamani, akawaachia wenzake kero.

"Nipo kazini, Bibi."

"Mgeni ameleta zawadi. Ipokee, umpe na risiti."

Simu ikakatika.

Maana ya fumbo hilo ilikuwa moja. Injini iliyo mbele yako, ipitishe. Gonga muhuri.

Karakana nzima ilimwita Sikio, na Idara ilichukua jina hilohilo kwa uvivu wa kutafuta jingine. Lilianzia utotoni. Mjomba wake alikuwa na mashine ya kusaga, na mtoto huyo alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Mjomba, mashine inaumwa," siku mbili kabla haijafa. Tangu hapo hakupenda kitu kingine duniani kama alivyopenda injini, na mkewe alishalizoea hilo. Alikuwa amepima injini za ndege kwa miaka thelathini na moja. Ujasusi ulimfuata baadaye, kwa sababu mpimaji huingia karakana yoyote bila kuulizwa anatafuta nini.

Alirudisha wenzo taratibu hadi mwendo wa chini kabisa, akaangalia saa yake ya Casio.

Dakika tatu.

Injini iliyotoka kwenye moto mkali haizimwi ghafla. Huachwa izunguke polepole ipoe, la sivyo vyuma vya ndani hupinda na kukwama. Kila mpimaji anaijua sheria hiyo kuliko anavyolijua jina la mama mkwe wake. Zilipotimia tatu, alikata mafuta na kuanza kuhesabu sekunde. Injini nzima ya aina ile huchukua sekunde arobaini na tano hadi kusimama.

Hii ilisimama kwa ishirini na sita, tena kwa kukwaruza.

Sikio alikunja uso. Aliingia ndani, akapitisha nyoka kwenye tundu la ubavuni. Nyoka ni kamera nyembamba yenye taa kichwani, na nyoka haoni haya kuchungulia popote. Panga la kwanza, safi. La tano, safi. La kumi na moja lilikuwa na kovu dogo pembeni, limesuguliwa kwa tupa na kumaliziwa kwa mviringo unaoelekea chini.

Akaganda.

Kila fundi ana mkono wake wa tupa, kama mtu alivyo na mwandiko wake. Mkono huu ulikuwa wa kwake. Kovu hilo alilisugua miaka tisa iliyopita. Na miaka minne iliyopita injini hiyohiyo, pamoja na pacha wake aliyekuwa naye ndege moja, alizikataa kwa wino mwekundu. Beringi zilikuwa zimekwisha. Alisimama pale karakana na kuona zikipakiwa kwenye lori kwenda kukatwakatwa.

Sasa moja ilikuwa imerudi. Ilikuwa na namba mpya, rangi mpya na kitabu kipya kilichojaa saini za watu wasiokuwepo.

Akarudi kwenye simu.

"Bibi, zawadi hii naijua. Nimeizika mwenyewe."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Mgeni anaitwa Daktari, kwa sababu anafufua maiti. Ana zawadi nyingine kumi na moja ghalani. Ukiikataa hii, anapotea nazo. Ukiipokea, leo saa nne anatia saini ya kuuza zilizobaki, na sisi tunamkamata kalamu ikiwa mkononi."

"Na hii ikifungwa kwenye ndege?"

"Itazuiwa."

"Na nani?"

"Kuna barua."

"Iko wapi hiyo barua?"

"Inasubiri saini."

Sikio alifumba macho. Miaka saba nyuma kulikuwa na barua nyingine iliyosubiri saini, na ilisubiri hadi jambo lenyewe likaisha.

"Sigongi," alisema.

"Ni amri, mjukuu."

"Basi tafuteni mjukuu mwingine. Muhuri namba saba ni wangu peke yangu. Sijaugonga kwenye uongo hata siku moja, na sianzi leo." Alivuta pumzi. "Utaratibu unamruhusu mwuzaji kushuhudia jaribio la pili. Mleteni. Nitamfanya aseme kwa mdomo wake."

Kwa mbali ilisikika mashine ya kuchapa ikikwama na mtu kuipiga ngumi.

"Tumia tochi," Bibi alisema hatimaye.

Tochi ya Idara ilikuwa na kinasa sauti tumboni. Ilikuwa silaha pekee aliyobaki nayo. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa kabatini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ng'ambo ya ukumbi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu ubao wa vifaa. Ubaoni kila spana imechorewa umbo lake. Kisichokuwa na umbo hakiingii eneo la majaribio, na injini haiwashwi hadi kila umbo lijazwe. Hapakuwa na umbo la bastola. Angeweza kulichora zamani sana, na hilo lilimuudhi zaidi.

Daktari alifika saa tatu na dakika kumi.

Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole na viatu visivyo na vumbi. Nyuma yake alikuja dereva wake, pande la mtu, koti limefungwa vifungo vyote. Mlangoni Daktari alivua tai, akatoa kalamu, funguo na sarafu mifukoni, akaviweka kwenye trei bila kuambiwa. Sikio aliliona hilo. Huyu hakuwa mfanyabiashara tu. Alikuwa fundi.

Tochi iliwekwa juu ya meza. Injini ikawashwa.

Asilimia sitini. Themanini. Mia.

"Inaimba vizuri," Daktari alisema.

"Inalia," Sikio alijibu. "Panga la kumi na moja nilisugua mimi. Beringi nilizikataa mimi. Sijui umeifanyia nini zaidi ya kuipaka rangi."

Alitegemea mtu huyo abishe. Hakubisha. Alitabasamu kama mgonjwa aliyeambiwa habari anayoijua.

"Nimeipaka rangi nzuri, mzee. Na kitabu nimekiandika kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa. Lakini mbona humuulizii pacha wake?"

Sikio aliondoa macho kwenye geji.

"Yupo bawa la kushoto la ndege ya saa nne. Amefungwa jana. Leo ndiyo safari yake ya kwanza na abiria. Na cheti chake kina muhuri namba saba." Daktari alisogea karibu. "Muhuri wa kuiga, ndiyo, lakini hata wewe ukiuona utadhani umelewa ukaugonga. Ukimkataa huyu, utaulizwa kwa nini ulimpitisha yule. Gonga, mzee wangu, twende zetu."

Pacha ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi. Beringi yake ya mbele ilikuwa na nyufa ambazo Sikio alizigusa kwa ukucha. Ndege ikivuta kupanda, ikiwa na nguvu zote, beringi ile ingepasuka, na mapanga yangetoka ubavuni na kuingia walipokaa watu.

Abiria arobaini na mmoja. Saa tatu na dakika ishirini na nane.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa wazi. Akate mafuta, amkabe mtu huyu, akimbie. Mkono wake ulikwenda kwenye wenzo. Ukaurudisha taratibu hadi mwendo wa chini kabisa.

Kisha akaangalia Casio.

"Mpe dakika zake tatu, mzee," Daktari alisema kwa upole. "Mpimaji wa kweli hazimi injini ya moto. Mimi pia niliwahi kuwa mmoja wenu."

Akaokota tai yake. Dereva akamtangulia. Mlango wa chuma ukafungwa, na komeo la nje likasukumwa.

Sikio alikuwa bado ameshika wenzo.

Dakika moja na sekunde arobaini zilikuwa zimepita alipozinduka. Alikuwa anaipoza maiti. Alikuwa ameulinda uzima wa chuma chakavu alichokiandikia kifo mwenyewe, huku watu arobaini na mmoja wakifunga mikanda. Alijitukana kwa sauti, tusi ambalo mkewe hakuwahi kulisikia katika miaka ishirini na nane ya ndoa. Alikata mafuta kwa kofi.

Injini iliguna, ikakwama. Sekunde kumi na moja.

Alinyakua tochi. Taa nyekundu ya kinasa ilikuwa imezimika. Aliitikisa.

Betri.

Aliirusha ukutani, akachukua redio yake ya Motorola kwenye chaja.

"Bibi, Bibi, Bibi."

"Sema, mjukuu."

"Daktari amenifungia. Kuna injini ya pili, ipo bawa la kushoto, ndege ya saa nne. Zuia ndege."

"Una ushahidi?"

"Tochi yenu imekufa."

"Barua ipo kwa katibu," Bibi alisema. "Ameshaisoma."

Hakungoja zaidi. Aliingia chumba cha majaribio, akapita kando ya injini iliyokuwa bado inatoa joto la tanuri. Mlango mkubwa wa kupitishia injini ulifunguliwa kwa mnyororo wa mkono, na mnyororo huo aliuandikia barua ya malalamiko mara tatu ili uwekwe mota. Alivuta. Mlango ukainuka upana wa kidole. Akavuta tena, mabega yakiwaka. Kwenye mvuto wa kumi na tisa nafasi ilitosha kupitisha kifua.

Akatambaa nje, shati likachanika mgongoni.

Kabati lenye Glock lilikuwa upande wa pili wa jengo. Hapakuwa na muda. Palikuwa na trekta la kuvutia ndege, funguo zikining'inia. Alilipanda na kukanyaga mafuta hadi chini. Trekta likaondoka kwa mwendo wa mzee anayetoka hospitali. Lilitengenezwa livute tani ishirini, halikutengenezwa likimbize mtu.

"Ongeza," aliliambia. "Ongeza, mpumbavu wewe."

Saa tatu na dakika hamsini na moja. Mbele yake ndege ilikuwa imefungwa milango. Propela ya kulia ilikuwa inazunguka. Ya kushoto ilianza kusogea, polepole, kisha kwa haraka. Kutoka umbali wa mita mia mbili aliisikia beringi ya mbele ikisaga. Hakuna mwingine aliyeisikia, na hapo ndipo hasira yake iligeuka kitu kinachofanana na kilio.

Alilisimamisha trekta mbele ya pua ya ndege. Akasimama juu ya kiti. Akainua mikono, akaikunja msalaba juu ya kichwa.

Ishara hiyo haijadiliwi. Rubani akiiona hazungumzi na mnara wala haulizi sababu. Anazima kwanza, anauliza baadaye.

Nyuma ya kioo, kapteni alimtazama kwa nukta moja. Kisha propela zote mbili zikaanza kulegea.

Kimya kilipoingia, kelele za watu zikaanza. Meneja wa shirika la ndege alitoka mbio kwenye jengo, uso umemwiva kwa hasira. Nyuma yake alitembea Daktari, hana haraka, faili kwapani. Dereva alikuja wa mwisho. Askari wawili wa uwanja walisogea wasijue wamshike nani.

"Una wazimu?" Meneja alifoka. "Unajua umefanya nini?"

"Injini ya kushoto ni chakavu. Itapasuka ikipanda."

"Mzee amechoka," Daktari alisema kwa huruma, akafungua faili. "Cheti hiki hapa. Muhuri ni wake."

Meneja aliusoma. Akamtazama Sikio kama anavyotazamwa mlevi msibani.

"Namba saba. Si wewe?"

"Ni wa kuiga."

"Kila mtu akiharibu kazi husema hivyo."

Kapteni alikuwa ameshuka ngazi, mwanamke mwembamba mwenye mikono mifukoni. Alimsikiliza kila mmoja hadi mwisho.

"Fundi," alisema, "nimekuheshimu nimezima. Sasa nipe kitu. Karatasi inasema injini ni nzima. Wewe unasema ni mbovu. Una nini cha kunionyesha?"

Hakuwa na kitu. Kinasa kilikufa, barua ilikuwa kwa katibu, na karatasi ya uongo ilikuwa safi kuliko shati lake. Miaka thelathini na moja ya kusikiliza, na hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza yeye kwa dakika mbili. Alitazama madirisha ya ndege, yale ya upande wa kushoto, na nyuso zilizobanwa vioo. Dirisha moja lilikuwa tupu.

"Kuna kiti pale," alisema.

"Abiria mmoja hakuja," Kapteni alisema. "Safu ya tano, dirishani."

"Hapohapo ndipo mapanga yatakapotokea." Sikio alishuka kwenye trekta. "Mpeni Daktari kiti hicho. Akikaa akafunga mkanda, mimi naondoa trekta, na mnipeleke mnakotaka."

Daktari alicheka. Aligeuka amtafute wa kucheka naye, hakumpata.

"Nina kikao," alisema.

"Kikao ni na mimi," Meneja alisema polepole. "Na mimi naweza kusubiri. Ndege inarudi saa nane."

"Sina mizigo."

"Huhitaji mizigo," Kapteni alisema. "Ngazi hiyo hapo. Karibu."

Daktari alitazama ngazi. Alitazama dirisha la safu ya tano, kisha injini iliyo mita moja kutoka pale, rangi yake ikimeremeta. Alikuwa fundi, na masikio yake pia yalikuwa mazima. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Sipandi," alisema.

"Kwa nini?" Meneja aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Nimesema sipandi."

Faili lilimponyoka. Akarudi nyuma hatua moja, akamtupia jicho dereva wake.

Vifungo vya koti vikafunguka. Bastola ikatoka.

Sikio alikuwa ameinama tayari. Chini ya gurudumu la mbele la ndege kulikuwa na kabari ya mpira, kilo saba, aliyoivuta kwa kamba na kuizungusha mara moja. Ilimpata dereva kwenye kifundo cha mkono. Risasi ikapiga lami. Bastola ikaenda chini ya trekta. Askari wale wawili, kwa kuwa sasa walijua wamshike nani, walimlalia wote kwa pamoja.

Daktari hakukimbia. Alikaa chini kwenye lami na viatu vyake visivyo na vumbi.

"Ghala lipo wapi?" Sikio aliuliza.

Alisema. Alisema la ghala, la kitabu, la aliyechonga muhuri, bila kuulizwa mara mbili, na macho yake hayakutoka kwenye injini ile.

Motorola ikakoroma.

"Mjukuu, habari njema. Barua imesainiwa."

"Ndege imeshazimwa, Bibi. Daktari tunaye. Andika anwani ya ghala."

Bibi aliandika. Akamrudia Sikio anwani hiyo mara mbili. Kisha sauti yake ikapungua, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ikawa sauti ya mtu wa miaka thelathini na nne.

"Kuna jambo jingine. Kwa kuwa muhuri umeigwa..."

"Najua."

"Namba saba inafutwa leo. Na hatujui aliyechonga aliugonga kwenye injini ngapi. Kwa hiyo kila injini yenye namba saba itashushwa ipimwe upya. Zote, za kweli na za uongo."

"Elfu moja mia mbili na kumi na nne," Sikio alisema. "Za kweli."

"Pole."

Sikio alizijua nyingi kwa sauti zake, moja moja, kama watu wanavyowajua wajukuu. Kuanzia leo zote zilikuwa mashakani, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye lami. Alitamani kumpiga teke. Alijizuia, ingawa si kwa wema.

Alifungua muhuri uliokuwa kwenye mnyororo kiunoni, akauweka mbele ya gurudumu la trekta. Akapanda, akasogea mbele nusu mita. Ulipasuka bila kelele kubwa.

Abiria walikuwa wameanza kushuka. Kapteni alimsogelea.

"Fundi, nenda kapumzike. Shati limechanika."

"Injini yako ya kulia ina muhuri namba gani?"

Kapteni alifikiri. "Saba."

"Hiyo ni ya kwangu kweli," Sikio alisema. "Itahitaji muhuri wa mtu mwingine. Mwambie Meneja aniitie mpimaji yeyote mwenye namba safi, aje asimame na mimi."

"Sasa hivi?"

"Zimebaki elfu moja mia mbili na kumi na tatu baada ya hiyo."

Alizima Motorola Bibi akiwa katikati ya sentensi, akaibeba ngazi ya alumini ya mafundi begani, na kutembea kuelekea chini ya bawa la kulia bila kugeuka nyuma.